Direkta wa jukwaa akishika kamera: safari ya John Crowley kutoka Cork

Muvi inaanza na kijana amesimama kaunta kwenye mgahawa mmoja Dublin, anapiga stori na binti anayefanya kazi pale. Anamwambia mambo ya mapenzi, kwamba mtu hajui atakutana wapi na wa maisha yake, huenda ni leo, huenda ni hapa hapa, na binti anaanza kulegea, anatabasamu, na wewe unayeangalia unajikuta unatabasamu naye. Ghafla jamaa anamshushia ngumi ya uso, anakomba hela za kwenye droo na kutoka mbio.

Kijana ni Colin Farrell, muvi ni Intermission ya 2003, na aliyeiongoza, John Crowley, hakuwa ameongoza filamu ndefu hata moja kabla ya hapo. Alikuwa mtu wa jukwaa, wa mazoezi ya wiki kadhaa kwenye chumba chenye sakafu iliyobandikwa tepu kuonyesha ukuta utakaa wapi na mlango utakaa wapi. Na bado zile dakika za mwanzo zinajua kitu ambacho jukwaa haliwezi kukifanya. Jukwaani ile ngumi ungeiona inakuja, maana mwili mzima wa Farrell ungekuwa mbele yako, bega linarudi nyuma, mguu unajipanga. Hapa kamera imekaa karibu na nyuso kiasi kwamba miili kama haipo, kuna macho na midomo tu, kwa hiyo ngumi inakufikia wewe na binti kwa wakati mmoja.

Hili suala la direkta wa jukwaa kuingia kwenye filamu naona watu wanalichanganya sana. Kuna wanaodhani ni kupanda cheo, yaani jukwaa ni darasa la chini na sinema ni la juu. Wengine wanaona ni kazi ile ile, waigizaji wale wale, maneno yale yale, unaongeza kamera basi. Mimi chuoni nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo, nimeshika taa, nimepanga viti, mara mbili tatu nimeongoza, na tulipomaliza mchezo mmoja ambao watu walikuwa wanalia ukumbini tukaamua turekodi ili tubaki na kumbukumbu. Tukaweka kamera katikati ya ukumbi, tukacheza vile vile, hakuna aliyekosea hata neno. Tulipokaa kuangalia ile video ilikuwa imekufa. Watu wadogo wanapiga kelele mbali. Toka siku ile nimekuwa nikijiuliza kile kilichokuwepo ukumbini kilienda wapi, na Crowley ni mmoja wa watu ambao kazi zao zimenisaidia kulielewa hilo swali.

Tuanze na macho. Ukiwa ukumbini macho ni yako. Mtu anaongea kushoto, wewe ukitaka unamwangalia yule aliyekaa kimya kulia anakunja kitambaa, hakuna wa kukuzuia. Kwa hiyo direkta wa jukwaa anatumia miaka na miaka kujifunza kukuvuta bila kukushika, anamweka mmoja kwenye mwanga, wengine anawatuliza, anamwambia huyu asogee hatua mbili wakati wenzake wamesimama maana jicho la binadamu linafuata kinachosogea. Kwenye filamu ile kazi yote inachukuliwa na fremu, kilichomo ndani unakiona, kilichobaki nje kwako hakipo. Direkta mgeni anayetoka jukwaani mara nyingi anakosea pale tulipokosea sisi, anaiweka kamera kwenye kiti kizuri kuliko vyote ukumbini na kuiacha hapo, akiamini kwamba akimuonyesha mtazamaji kila kitu amemtendea haki. Kumbe anakuwa amemnyima ule uhuru wa macho, na hajampa chochote badala yake.

Halafu kuna ukubwa wa uigizaji. Jukwaani unamchezea hadi mama aliyekaa siti ya mwisho kabisa, sauti lazima imfikie, huzuni lazima imfikie. Ukileta huzuni ya ukubwa ule mbele ya lenzi iliyo hatua moja kutoka usoni, mtazamaji anarudi nyuma kama mtu aliyepigiwa kelele sikioni.

Sasa Crowley. Amezaliwa Cork mwaka 1969, mji wa pili kwa ukubwa kwenye Jamhuri ya Ireland, uko kusini. Kaka yake Bob Crowley ni mbunifu wa seti na mavazi ya jukwaani, ana tuzo za Tony kadhaa, zile kubwa za jukwaa za Marekani, kwa hiyo nyumbani kwao jukwaa lilikuwa kazi kamili ya kumlisha mtu. John akasoma chuo kikuu hapo hapo Cork, miaka ya mwanzo ya 1990 akawa anaongoza michezo Dublin, akavuka kwenda London na huko akawa direkta mshiriki wa Donmar Warehouse. Na cha kushangaza ni kwamba tangu akiwa mwanafunzi filamu ndo ilikuwa kichwani mwake, jukwaa alilichukua kama njia ya kufikia kamera. Njia yenyewe ikawa ndefu na tamu kuliko alivyopanga.

Hapo kwenye Donmar naomba tusimame kidogo. Ni ukumbi wenye siti 251 tu. Watazamaji wamelizunguka jukwaa pande tatu, wa mbele akinyoosha mguu anaweza kumkwaza mwigizaji, na wa nyuma kabisa anaona jicho likilengwa na machozi. Mtu aliyekulia kwenye ukumbi wa watu elfu mbili anaingia kwenye filamu na mzigo mkubwa wa mambo ya kuyasahau, huyu alikuwa ameshazoea waigizaji wanaoongea kwa sauti ya kawaida na kufikiri kwa macho. Kwa hiyo mtu akisema fulani ametoka jukwaani mimi huwa nauliza jukwaa gani, la ukubwa gani, maana Donmar na jukwaa la opera vinaitwa jina moja lakini vinazaa madirekta tofauti kabisa. Mwaka 1999 aliongoza pale Juno and the Paycock, tamthilia ya Sean O'Casey ya 1924 inayotokea karibu yote ndani ya chumba kimoja cha familia maskini ya Dublin, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Colm Meaney. Mshike Meaney, tutamkuta tena mbele.

Kamera ya kwanza ya maana aliishika kupitia Samuel Beckett, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Ireland. Mwaka 2000 hivi Waayalandi walikuwa na mradi wa kurekodi michezo 19 ya Beckett kama filamu, kila mmoja na direkta wake, na sharti lilikuwa kwamba maneno ya mwandishi yasiguswe. Crowley akapewa Come and Go, mchezo wenye maneno mia moja na ishirini na kitu tu. Wanawake watatu wamekaa kwenye benchi, mmoja anainuka na kuingia gizani, mmoja wa waliobaki anamnong'oneza mwenzake siri kuhusu aliyetoka, mwenzake anashtuka, aliyetoka anarudi. Zamu zinazunguka mpaka kila mmoja amesemwa pembeni na hakuna anayejua lake. Siri zenyewe hatuzisikii. Fikiria kamera inakaa wapi hapo. Ukisogea karibu na sikio umeshakuwa mmoja wa wanaonong'onezwa, ukikaa mbali sana mshtuko unapotea, na ukimfuata yule aliyeenda gizani mchezo umeuua, maana nguvu yote iko kwenye kutokujua kwake. Kwangu mimi hiyo ni shule nzima ya filamu ndani ya dakika chache, unafundishwa kwamba mahali pa kamera panabadilisha nani anajua nini, na direkta wa jukwaa anayetegemea mwanga na nafasi anatakiwa kuanza kuwaza kwa kujua na kutojua.

Prodyuza wa ule mradi, Alan Moloney, ndo huyo huyo aliyekuja kuwa mmoja wa maprodyuza wa Intermission pamoja na Neil Jordan na Stephen Woolley. Nayasema haya kwa sababu vijana wengi wanaopenda sanaa wanadhani mlango wa filamu unafunguliwa na kipaji peke yake kikikaa kinasubiri kugunduliwa. Aliyewahi kukuona unafanya kazi ndogo vizuri ndo anayekupa kubwa.

Skripti ya Intermission iliandikwa na Mark O'Rowe, naye mtu wa jukwaa, aliyejipatia jina kwa Howie the Rookie, mchezo wa wanaume wawili tu wanaosimulia kwa zamu, mmoja anamaliza, mwingine anaanza, hakuna seti ya maana wala mtu wa tatu. Huyo mwandishi wa watu wawili na huyo direkta wa chumba kimoja wakaja na filamu yenye visa 11 vinavyopishana na wahusika 54, kuna wezi, kuna dereva wa basi, mfanyakazi wa supamaketi, polisi mwenye majigambo, mke aliyeachwa, na mtoto mmoja mwenye tabia mbaya ya kutupa mawe. Walikimbilia kile ambacho jukwaa lisingewapa kamwe. Kwenye mchezo wa kuigiza kila mhusika ni mshahara wa kila wiki na mtu wa kumvalisha na kumsubirisha nyuma ya pazia, ndo maana michezo mingi ya siku hizi ina watu wanne watano. Kwenye filamu mtu anaweza kuja siku moja, akatupa jiwe, akarudi nyumbani, na jiwe lake likageuza maisha ya watu kumi.

Lakini angalia nani walikuwa mle ndani. Colm Meaney yule wa Juno ndo polisi mwenye majigambo. Cillian Murphy, ambaye wengi mnamjua kwa Peaky Blinders, naye ametokea Cork na alianzia jukwaani mwaka 1996 kwenye Disco Pigs, na mwaka 2006 Crowley alimuongoza tena, safari hii jukwaani London kwenye mchezo uitwao Love Song. Kwa hiyo mtu aliyeonekana amehama alikuwa amekuja na nyumba yake nzima, mwandishi, waigizaji, hata ile njia ya kuwasikiliza. Na miezi michache tu baada ya Intermission kutoka, Novemba 2003, alikuwa amerudi National Theatre London anazindua The Pillowman ya Martin McDonagh, mchezo wa mwandishi anayehojiwa na polisi ndani ya chumba, ambao mwaka 2005 ulienda Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na yeye akateuliwa kuwania Tony ya direkta bora.

Kuna mambo matatu ambayo hakuna Donmar wala Beckett angeweza kumwandaa nayo, nayo ni mpangilio wa siku, mazoezi, na chumba cha kuediti.

Kwenye mchezo wa kuigiza mwigizaji anaanza mwanzo na kumaliza mwisho kila usiku, kwa hiyo hasira ya kitendo cha tatu inabebwa na yaliyompata kitendo cha kwanza, mwili unakumbuka wenyewe. Filamu inashutiwa kwa kufuata lokesheni na hela. Chukua Brooklyn, ile ya 2015 ambayo ndo kazi yake inayojulikana zaidi. Hadithi ni ya Eilis, binti wa mji mdogo wa Enniscorthy miaka ya mwanzo ya 1950 anayevuka bahari kwenda New York kutafuta maisha, anaumwa na upweke, anapona, anapenda, halafu msiba unamrudisha Ireland na anajikuta hajui tena nyumbani ni wapi. Sehemu za Ireland zilishutiwa kwanza, kwa pamoja, kabla ya kwenda ng'ambo. Sasa hebu fikiria maana yake, Saoirse Ronan alitakiwa ndani ya wiki zile zile kucheza binti mwoga anayeondoka na mwanamke aliyekomaa anayerudi, wakati Amerika iliyombadilisha ilikuwa haijashutiwa hata sekunde moja. Nani anajua Eilis yuko wapi moyoni siku ya Jumanne asubuhi? Direkta tu. Jukwaani safari nzima inabebwa na mwigizaji, kwenye filamu direkta ndo anatembea nayo kichwani na kumkumbusha mwigizaji kabla ya kila teki, na nadhani hapa ndipo miaka ya jukwaani ilimlipa Crowley kuliko popote, maana mtu aliyewahi kukaa wiki nzima na mwigizaji wakijadili kwa nini mhusika anafungua mlango taratibu anaijua ramani ya ndani ya mtu hata ukimchanganyia kurasa.

Mazoezi yenyewe kwenye filamu ni anasa. Mchezo wa London unapewa wiki nne, tano, sita. Filamu nyingi zinatoa siku chache, nyingine hazitoi hata moja, waigizaji wanasalimiana asubuhi na mchana wanacheza mke na mume. Faida yake ni kwamba jambo linatakiwa litokee mara moja tu na kamera iwepo, wakati jukwaani linatakiwa litokee mara nane kwa wiki kwa miezi. Ndo maana direkta wa jukwaa anatafuta kitu kinachoweza kurudiwa na wa filamu anatafuta ajali nzuri, na kugeuka kutoka tabia moja kwenda nyingine siyo kazi ndogo.

Halafu kuediti. Mchezo ukishazinduliwa direkta anaondoka, wenye mchezo sasa ni waigizaji, utakua na kupungua mikononi mwao. Filamu ni kinyume chake, waigizaji wanaondoka na direkta anajifungia miezi na mhariri kuamua upya kila kitu, hata ile pumzi ambayo mwigizaji alivuta kati ya maneno mawili inaweza kukatwa. Kwa mtu aliyezoea kuheshimu mdundo wa mwigizaji hili ni jambo zito.

Crowley alivyolijifunza naliona vizuri kwenye Boy A, filamu ndogo ya 2007 iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Channel 4, skripti ni ya O'Rowe tena kutoka kwenye riwaya ya Jonathan Trigell. Kijana anatoka kizuizini na jina jipya, alifanya jambo baya sana akiwa mtoto, na sasa anajifunza vitu vya kawaida, kazi, bia, msichana. Aliyecheza ni Andrew Garfield, ambaye kabla ya hapo alikuwa zaidi mtu wa jukwaani. Filamu inakupa maisha ya sasa na vipande vya zamani kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa hiyo unampenda kwanza ndo unajua. Jukwaani hilo lingewezekana pia, lakini hapa mpishano wenyewe ndo unaokuuliza maswali. Mwaka 2008 BAFTA za televisheni, tuzo kubwa za Uingereza, zikampa Garfield tuzo ya mwigizaji na Crowley ya direkta, na mhariri na mpiga picha nao wakapata zao.

Sasa hela, maana bila hela haya yote ni maongezi tu. Ukitaka kujua Crowley alikuta njia imefyekwa kiasi gani mwangalie Jim Sheridan, wa Dublin, aliyezaliwa 1949. Yeye na mdogo wake Peter walikuwa nguzo za Project Arts Centre, kituo cha sanaa cha Dublin, miaka ya 1970, baadaye akahamia New York na familia, akaendesha ukumbi wa Irish Arts Center, akasoma filamu kwa muda mfupi tu chuo kikuu kule. Ireland ilikuwa imeanzisha bodi ya filamu mwaka 1981 na mwaka 1987 serikali ikaisimamisha ili kubana matumizi. Yaani Sheridan alipokuja kushuti My Left Foot, filamu yake ya kwanza, kuhusu Christy Brown wa Dublin aliyeandika na kuchora kwa mguu wa kushoto, nchi yake haikuwa na bodi ya filamu inayofanya kazi. Filamu ikatoka 1989, na Machi 1990 Daniel Day-Lewis na Brenda Fricker wakachukua Oscar. Hiyo ya Sheridan na zilizofuata za wenzake zikawa hoja nzito mbele ya wanasiasa, na 1993 bodi ikafufuliwa, waziri aliyehusika akiwa Michael D. Higgins, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi. Ukiongeza nafuu ya kodi kwa wanaoshuti Ireland, direkta wa kizazi cha Crowley akawa na mahali pa kubisha hodi.

Hela hizo zina masharti, na masharti yanaingia mpaka kwenye picha. Brooklyn ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Ireland, Uingereza na Kanada, kwa bajeti ya kama dola milioni 11, na ndo maana sehemu kubwa ya New York mnayoiona mle ni Montreal, New York yenyewe walishuti siku chache mno. Na ndo maana pia hadithi ya binti wa Ireland, iliyotoka kwenye riwaya ya Colm Tóibín na kuongozwa na mtu wa Cork, ilishinda BAFTA ya filamu bora ya Uingereza, watu wakashangaa, lakini ukifuata hela unaelewa. Kwa direkta wa jukwaa hilo jambo la kuigiza mji mmoja kwa mji mwingine wala siyo geni, amezoea kuambia watu benchi ni treni na watu wakaamini.

Lakini kilichonifanya niipende Brooklyn siyo majengo. Ni kwamba humo ndani Crowley alipata jibu la swali langu la ile video iliyokufa. Kuna sini ya Krismasi kwenye ukumbi wa parokia, Eilis anasaidia kugawa chakula kwa wazee wa Kiayalandi waliojenga madaraja na mahandaki ya New York na sasa hawana kitu. Mzee mmoja anasimama kuimba kwa lugha yao ya Kiayalandi, bila chombo chochote, mwimbaji mwenyewe ni Iarla Ó Lionáird. Jukwaani ungemwangalia anayeimba, lazima. Hapa kamera inawapitia wanaosikiliza, wazee, na uso wa Ronan, na ule wimbo usioelewa neno lake hata moja unausoma kwenye nyuso zao. Kile kilichokuwepo ukumbini siku ile yetu na kikakosekana kwenye video kilikuwa ni watu wanasikilizana. Sisi tulirekodi waliokuwa wanaongea. Crowley anarekodi wanaosikia.

Ukishajua hilo rudi kwenye zile meza za chakula cha jioni kwenye nyumba ya wapangaji ya Bi Kehoe, anayechezwa na Julie Walters. Ni jukwaa tupu lile, chumba kimoja, wanawake sita saba, maneno yanarushwa kama mpira. Lakini kila utani unakatiwa kwenye uso wa anayeupokea, na Eilis anakua mbele ya macho yako kwa namna anavyosikiliza tu, mwanzo anainamisha kichwa, baadaye anasubiri, mwishoni anajibu. Kwa mtu yeyote aliyewahi kuhamia mji wa watu na kukaa meza moja na wanaojua kila kitu kabla yake, vile vikao vya mezani vinauma. Filamu ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, Januari 2015, ikaingiza zaidi ya dola milioni 60, ikateuliwa Oscar tatu, ikiwemo filamu bora.

Na mwaka ule ule, Agosti, mtu mwenye filamu inayozungumzwa dunia nzima alikuwa Sydney akiongoza The Present, mchezo uliotoholewa kutoka kwa Chekhov, mwandishi wa Urusi, Cate Blanchett akiwa ndani, uliokuja kuzinduliwa Broadway Januari 2017. Wanaosema sinema ni cheo cha juu waniambie hapo alikuwa anashuka kwenda wapi.

Halafu kuna The Goldfinch ya 2019, na hiyo lazima tuiseme. Riwaya ya Donna Tartt iliyoshinda tuzo ya uandishi ya Pulitzer, mpiga picha Roger Deakins ambaye ni mmoja wa wakubwa kabisa wa kazi hiyo, bajeti zaidi ya dola milioni 40, na dunia nzima ikaingiza kama milioni 10 tu. Wakosoaji waliisema vibaya. Mimi nimeiangalia mara mbili kwa nia njema, picha zake ni nzuri mno, na naona tatizo liko hapa, kile kitabu kinaishi ndani ya kichwa cha mtu mmoja kwa miaka mingi, kijana anajificha, hasemi, na wanaomzunguka hawamjui. Nguvu ya Crowley ni watu wawili watatu wanaosikilizana kwenye chumba. Mle kila mtu yuko peke yake kwenye fremu nzuri. Na zile nyakati ambapo filamu inapumua ni pale wale vijana wawili, Theo na Boris, wako pamoja kwenye nyumba tupu ya jangwani wanapiga soga na kufanya ujinga, hapo ghafla yuko nyumbani. Wengine watakuambia ni skripti, wengine watasema riwaya kubwa haziingii kwenye saa mbili na nusu, na yote yana ukweli, lakini mimi nashikilia hilo langu.

Baada ya hapo akafanya Life After Life kwa BBC mwaka 2022, vipindi vinne, halafu 2024 ikaja We Live in Time. Skripti ni ya Nick Payne, mwandishi wa michezo ya kuigiza. Mwigizaji ni Andrew Garfield, yule kijana wa Boy A, miaka 17 baadaye, pamoja na Florence Pugh. Ni mapenzi ya watu wawili na ugonjwa wa kansa, na filamu inachanganya miaka yao, mbele, nyuma, katikati, kitu ambacho kinatengenezwa kwenye chumba cha kuediti, lakini kila kipande kikisimama peke yake ni watu wawili wako ndani ya chumba wanaambiana kitu kigumu. Anayeongea anaogopa, na anayesikiliza anaogopa zaidi.

Kipande ambacho watu wengi wanakikumbuka ni cha kituo cha mafuta. Wamekwama kwenye foleni, uchungu umemshika mama, hawawezi kufika hospitali, wanaingia chooni na wafanyakazi wawili wa kile kituo wasiowajua kabisa. Chumba kidogo, taa mbaya, watu wanne, na mtoto anakuja. Ungeweza kukibandika kwa tepu kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi, mlango hapa, sinki pale, ukutani hapa mama anaegemea. Halafu kamera inamwacha anayepiga kelele na kugeukia wale wageni wawili, mmoja anajaribu kukumbuka alichoambiwa kwenye simu, na wewe hapo unashika mkono wa yeyote aliyekaa karibu yako.